Pikapu na Tangi la Maji: Tuhesabu Kilo Kabla ya Kufunga Trela

Kila mifereji inapokauka Mombasa, biashara ya maji hupamba moto. Mikokoteni huongezeka, maboza hupandisha bei, na siku hizi naona pikapu zikivuta trela yenye tangi. Sina neno na riziki ya mtu. Nina neno na uzito.

Muulize dereva, atakwambia gari lake lavuta tani tatu na nusu. Hasemi uongo. Pikapu nyingi za dizeli za kisasa zimeruhusiwa kuvuta kilo 3,500, lakini kwa sharti kuwa trela iwe na breki zake yenyewe. Isipokuwa nazo, kiwango hushuka hadi kilo 750. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 3,000 ni kilo 3,000, bado chuma cha trela.

Kuna hesabu ya pili. Kitabu cha gari hutaja uzito wa juu wa gari na trela kwa pamoja. Tuseme ni kilo 5,850, na pikapu tupu ina kilo 2,100. Mpandishe dereva, vijana watatu, pampu, mipira na jenereta: kilo 500. Zimebaki 3,250. Trela ya kilo 500 na maji yake ni 3,500. Umezidisha kilo 250. Tena kama sehemu moja kwa kumi ya uzito wa trela hukalia mgongo wa pikapu, nayo ni mzigo.

Fundi atakuongezea springi. Springi huinua gari lisichuchumae, haziongezi breki. Na kuvuta si kazi, kazi ni kusimama. Fikiria mteremko wa Likoni kuelekea feri, watu wamejaa kwa miguu.

Malori hupimwa Mariakani. Hizi pikapu hupita vichochoroni bila mizani. Kaunti na NTSA wakague trela kwa swali moja: breki zake ziko wapi? Nasi wanunuzi tusimshinikize muuzaji alete yote kwa safari moja. Bora tangi dogo lililojaa, mara mbili, maana maji ya nusu tangi huyumba na kuvuta gari kando. Safari ya pili ina gharama, naam, lakini gharama hiyo twaweza kuilipa.