Bel-Air, tunachoma chakula cha udongo wetu

Vijana wenzetu wa Bel-Air, wandugu wote wa komini ya Kampemba,

Jua likishuka, harufu ni ileile: moshi. Majani ya miembe, maganda ya mihogo na ya ndizi, sashe, viatu vya plastiki, vyote ndani ya moto mumoja pembeni ya avenyu. Kisha mvua ya mwezi wa kumi na moja inafika. Bamama wanapanda lengalenga na nyanya nyuma ya nyumba, majani yanageuka manjano, na feza ya bukari inaenda kununua mbolea ya dukani. Tuseme ukweli: sehemu kubwa ya ile tunayoenda kununua, tuliichoma sisi wenyewe.

Udongo wetu mwekundu ni wa zamani sana. Mvua ya miaka maelfu imebeba chumvi zake, ikaacha chuma (ndiyo rangi unayoiona) pamoja na asidi. Udongo wa namna hii peke yake haushiki chakula cha mimea: ukiweka mbolea leo, mvua kubwa ya kesho inateremka nayo chini. Kinachoshika ni humusi, ule udongo mweusi unaobaki majani na samadi vikiisha kuoza kabisa. Humusi inashika maji kama sifongo, inashika potasi na kalsi, inafanya udongo usigeuke tofali wakati wa kiangazi.

Na humusi inatoka wapi? Kwa parsele ndogo ya mjini, njia ya karibu ni komposti. Majani makavu mafungu mawili ao matatu, maganda mabichi na samadi ya kuku fungu moja, maji kiasi, na kugeuza rundo ili hewa ipite. Likipangwa vizuri linapata moto wa kupita digrii 55, na mbegu nyingi za magugu zinakufa. Rundo la mwezi wa saba linaweza kuwa tayari mvua ikianza.

Lakini hatutaki kudanganya mtu. Tuchukue tuta la metre 1 kwa 5. Kwa kina cha sentimetre 20, ni karibu kilo 1300 za udongo. Ili kupandisha mali-oza yake kwa asilimia 1, unahitaji karibu kilo 13 kavu, ni kusema karibu ndoo 5 kubwa za komposti, kwa sababu nusu ya ndoo ni maji na sehemu ingine ni mchanga. Na hapa kwetu joto na mvua vinafanya vidudu vya udongo vile kazi mbio: kabla ya mwaka kuisha, sehemu kubwa wamekwisha kuila. Inayobaki kuwa humusi ni kidogo. Kwa hiyo anayeweka komposti mara moja na kuacha, amelisha lengalenga ya msimu mumoja tu. Anayeweka kila mwaka, anayefunika tuta na majani makavu na kulima bila kupindua sana, huyo anajenga udongo.

Kuna jambo lingine ambalo mji huu hauna haki ya kusahau. Shaba imeyeyushwa Lubumbashi tangu 1911, na vumbi la madini limeanguka kwa mashamba mengi. Humusi inakamata shaba kwa nguvu, mmea unakunywa kidogo zaidi. Lakini haiondoi sumu. Majani yaoshwe vizuri, na betri, rangi na vyuma visiingie kamwe ndani ya rundo. Komposti ya uchafu uliochanganywa inaleta sumu mpya.

Ndiyo maana hatuongei na bamama peke yao. Mtu mumoja hawezi kutenga uchafu wa soko nzima. Tunadai:

1. Wakubwa wa komini waweke kwenye masoko mahali pawili pa kutupa: pa vinavyooza, na pa vingine.
2. Kiwanja kimoja cha kartiye kitolewe kwa komposti ya wote.
3. Udongo wa bustani za mji upimwe, na majibu yasomwe mbele ya wanainchi.

Na sisi? Tuko wengi wenye dipilome, kazi hakuna, tunakaa mbele ya parsele tukingoja simu ilie. Siku ya salongo tunasafisha kanivo, kisha tunachoma tulichotoa. Salongo inayokuja, majani yasichomwe. Kila avenyu ianze rundo moja, na kijana mumoja ajue siku ya kuligeuza.

Mwaka wa kwanza utaona kidogo. Mwaka wa tatu, kamata udongo mkononi, uufinye: ukishikamana kisha ukavunjika polepole, mweusi kuliko ule wa jirani, utajua kazi imefanyika.

Udongo wa Bel-Air ni wetu. Tuulishe.