Umeme wa «jua la kutengenezwa»: Sandoa isingojee hapo

Mwezi wa pili 2025, huko Cadarache, kusini mwa Ufaransa, mashine inayoitwa WEST ilishikilia plazma kwa sekunde 1337, ni kusema dakika 22 na kidogo. Habari ya namna hii ikifika kwenye telefone huku Sandoa inakuwa fupi: wazungu wamepata jua lao, kuran ya bei ndogo inakuja. Bado.

Plazma ni gazi iliyopata moto mpaka atomu zake zimevunjika. Kusudi hidrojeni nzito ziungane na kutoa nguvu, inaomba digrii milioni 150 hivi. Hakuna chungu cha kubeba moto huo, kwa hiyo sumaku ndiyo inaushikilia mbali na ukuta. Na kuni? Mara nyingi ni mawimbi ya redio, ndugu wa haya ya FM. ITER, mashine kubwa inayojengwa hapo hapo Cadarache, imepangiwa antena za megahezi 40 mpaka 55, chini tu ya pale FM inapoanzia. Nguvu ndiyo haifanani: WEST ilisukuma wati milioni 2, mara 4000 ya redio ya jamii yenye wati 500.

Ugumu uko kwenye antena. Ikikaa mbali, mawimbi hayaingii, yanarudi kwenye emeta. Ikikaribia, inaungua, na chembe za metali zinazotoka zinapoza plazma.

Sasa hesabu. ITER inalenga kutoa megawati 500 kwa kuingiza 50. Lakini hilo ni joto, si kuran, na kupata hizo 50 lazima kuvuta umeme mwingi zaidi kwenye laini. ITER yenyewe haitauza hata wati moja: utafiti umepangwa kuanza 2034, na mafuta kamili 2039.

Lualaba imo ndani ya hadithi hii, maana waya za sumaku zile zina shaba. Lithiumu, kama ile ya Manono, ndiyo ya kutengeneza tritiumu, mafuta ya mashine. Lakini laini ya Inga–Kolwezi, kilometa 1700 hivi, ilianza kazi 1982 kwa ajili ya migodi, na mpaka leo inapita juu ya vijiji visivyo na taa. Hapo hapakukosekana sayansi. Mgombea akija Sandoa na maneno ya fizyoni, aulizwe kwanza nguzo za umeme zitafika mwaka gani, na nani analipa.