Mkanda wa Kinu Usiodumu

Dada yetu mmoja wa Rubongi, Tororo, ambaye mumewe yumo jeshini, atuandikia kwamba kinu chake cha kusagia mahindi kinakula mikanda, na fedha za karo ya watoto zaishia kwa muuza vipuri.

Asiutupe mkanda uliokatika kabla ya kuutazama. Ukiwa umeng'aa na kuungua ubavuni, ulikuwa ukiteleza: ama ulilegea, ama kinu kilishindiliwa mahindi kupita kiasi. Ukiwa umevimba na kulainika, umelowa mafuta ya injini. Ukilika upande mmoja tu, puli hazikulingana. Hizo hupimwa kwa uzi, injini ikiwa imezimwa kabisa: uzi ulionyoshwa kutoka puli moja hadi nyingine uguse kingo zote mbili za kila puli, yaani mahali panne. Usipogusa, injini isogezwe, na bolti za msingi zikazwe, kwani mtikisiko huzilegeza.

Lakini dada huyu asema kinu chake kina mikanda 3, naye hubadilisha mmoja mmoja. Hapo ndipo tunaposhuku zaidi. Mikanda mikuukuu imekwisha kunyooka, hivyo ule mpya hubeba mzigo karibu wote. Na ibadilishwe yote pamoja, injini ikisogezwa karibu na kinu kwanza. Kuipachika kwa mtaimbo hukata nyuzi za ndani, ingawa nje hapaonekani jeraha. Ikikazwa, kila mmoja ukibonyezwa katikati uingie kama milimita 16 kwa kila mita 1 kati ya puli. Kesho yake ikazwe tena.