Maziwa ya Idi Yachemke

Ramadhani inapokaribia kwisha, Waislamu wa Busanza, kama wenzao wa Nyamirambo na Biryogo, huanza kutafuta maziwa ya kupikia tambi za Idi. Busanza imo Kanombe, penye kambi na hospitali ya jeshi. Kwa hiyo sufuria hizo zinawahusu pia askari, wawe Waislamu au wageni wao.

Uislamu na Kiswahili viliingia Kigali mwanzoni mwa karne ya 20 pamoja na wafanyabiashara wa pwani, na pamoja na askari na makarani wa utawala wa Wajerumani. Tambi za maziwa ni mapishi ya watu hao wa pwani, waliojifunza kwa majirani zao wa Bara Hindi. Huku milimani ng'ombe alikuwa ameshatukuzwa. Lakini kwa wafugaji wengi wa Maziwa Makuu ilikuwa mwiko kuchemsha maziwa, wakiamini kwamba ng'ombe atadhurika. Yalinywewa mabichi, au yakigandishwa kuwa ikivuguto.

Sisi hatubezi mila ya wazee. Hata hivyo, ni dhahiri kwamba maziwa mabichi huweza kubeba kifua kikuu cha ng'ombe na bruselosi. Bruselosi huleta homa inayokwenda na kurudi, jasho jingi la usiku na maumivu ya viungo. Mgonjwa huweza kudhani ni malaria tu, akapoteza majuma mengi. Askari aliye kitandani ni pengo katika lindo.

Mpishi atasema kwamba tambi hupikwa motoni, basi hatari iko wapi? Hatari iko mwishoni. Tambi zikisha kukaangwa kwa samli na kutiwa maziwa, sukari, iliki na zabibu, huendelea kunywa maziwa hata baada ya kuepuliwa, zikawa nzito. Hapo ndipo mtu huchota kikombe cha maziwa mabichi ili kuzilegeza. Kikombe hicho kimoja huharibu kazi yote. Hatuna budi kuchemsha maziwa yote tangu mwanzo, yafure na kupanda, si kupashwa moto tu, kisha kuweka akiba ya kulegezea.

Jambo la pili ni fungu la mlinzi. Wakati wengine wanasali Idi na kula, kuna askari na polisi walio zamu. Kuwawekea sahani ni wema. Kuiacha mezani toka asubuhi hadi jioni ni kuwawekea maradhi. Fungu lao na lihifadhiwe kwenye baridi, au lipikwe upya saa ya kubadilishana zamu.

Twawasihi wakuu wa vikosi na wapishi wao walizingatie hilo kila Idi. Mlinzi anastahili kula kilicho salama kama yule aliyekuwa wa kwanza kupakuliwa.