Mgeni Anapoitwa Kuwa Shahidi



Wazee wetu waliisikia China kwa Kiswahili tangu 1961, Radio Peking ilipoanza matangazo kwa lugha yetu. Dola kuzungumza na watu wa nje kwa lugha yao si jambo geni, na wengi hufanya hivyo. Linalotushughulisha leo ni pale dola isiyowaachia raia wake kuipinga inapomtafuta mgeni aisemee.

Tuchukue mfano wa Xinjiang, kwa ndugu zetu Waislamu wa Uighur. Agosti 2018, mjini Geneva, wajumbe wa China waliiambia kamati ya Umoja wa Mataifa kwamba huko hakuna vituo vya kuwabadilisha watu fikra. Oktoba mwaka huo huo vituo vikaingizwa katika sheria, vikaitwa vya mafunzo ya ufundi. Agosti 31, 2022, Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ikasema kuwafungia watu kule huenda ni jinai dhidi ya ubinadamu. China ikaikataa ripoti hiyo.

Januari 2023 wakapokelewa Xinjiang maulamaa na watu mashuhuri wa Kiislamu zaidi ya 30 kutoka nchi 14. Wakatembezwa, na vyombo vya habari vya China vikaeneza picha zao na maneno yao ya kusifu. Hapa ndipo penye hila. Akisema msemaji wa serikali kwamba Waislamu wako salama, msikilizaji hutia shaka. Akisema mwenye kilemba, shaka huondoka. Kinachoazimwa ni ile imani ya watu kwa wanavyuoni wao.

Hatusemi kila aliyekwenda amesema uongo. Wala hatusemi tuyameze yote ya nchi za Magharibi, nazo zina ugomvi wao na China. Suratul Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kuihakikisha habari kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua.

Basi video kama hiyo ikifika kwenye simu, tuulizane na watoto wetu: mgeni alichagua mwenyewe pa kwenda? Alizungumza na mwenyeji faragha? Na huyo mwenyeji, kama angelisema vyengine, angelilala kwake usiku ule?

Majibu yakikosekana, tusiisambaze. Tunaweza kubeba ushahidi wa uongo dhidi ya ndugu zetu, nao ni katika madhambi makubwa.

Wallahu a'lam.