Chuoni hakuna kengele



Msimu huu vijana wengi wanafunga mabegi kwenda vyuo vikuu kwa mara ya kwanza: Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na kwingineko. Nyuma ya kila begi kuna mzazi aliyeuza mahindi, au hata ng'ombe, ili nauli na ada vipatikane. Dominika hii tuwatafakari vijana hao.

Mhitimu mmoja aliniambia, "Padri, chuoni hakuna kengele." Sisi tuliolelewa seminari tunamwelewa upesi. Kengele ilituamsha, ikatupeleka kanisani, darasani, shambani na kitandani. Chuoni kijana huamka, na hakuna anayemwuliza kama ameingia darasani, amesali, au jana alilala wapi.

Fedha yake ya kujikimu, ile wanayoiita bumu, iliisha kabla ya nusu ya muhula kwa simu mpya na michango ya sherehe. Vipindi vya asubuhi vikampita. Mwaka ulipoisha alikuwa na sapu mbili, na nyumbani bado alikuwa akisema mambo ni mazuri. "Sikuamua kuharibikiwa," alisema. "Sikuamua chochote."

Neno hilo linanirudisha katika Kitabu cha Danieli, sura ya kwanza. Vijana wanne wa Yuda walipelekwa Babeli, ugenini, wakasomeshwe miaka mitatu, sawa na shahada nyingi za leo. Walifundishwa lugha na elimu ya Wakaldayo, wakapewa hata majina mapya. Elimu hawakuikataa, waliisoma kwa bidii wakawapita wenzao. Lakini kuhusu chakula na divai ya mfalme, Danieli alikwisha kuamua moyoni asiivunje sheria ya Mungu wake. Hakungoja afike mezani ndipo aanze kufikiri. Wala hakugomba, aliomba kwa adabu wajaribiwe siku 10 kwa mboga na maji. Tena hakuwa peke yake.

Wewe unayeanza chuo, jifunze kwake mambo matatu. Kwanza, amua mapema. Kabla bumu halijaingia, andika utatumia kiasi gani kwa wiki. Kumbuka ni deni: ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi hadi uishe. Amua pia kuhusu pombe, mahusiano na Misa ya Dominika, maana saa tano usiku, katikati ya marafiki, si wakati mzuri wa kuanza kujiuliza.

Pili, kataa kwa adabu. Huhitaji kuwahukumu wenzako ili ubaki na msimamo wako. Tatu, tafuta wenzako wa safari: jumuiya ya TMCS, kwaya, kikundi cha kujisomea. Mtu mpweke hupokea rafiki yeyote anayemjia.

Na ukianguka, usijifiche. Yule kijana aliinuka siku alipompigia simu mama yake akamwambia ukweli. Mama alinyamaza kidogo, kisha akamwuliza, "Umekula?" Baada ya hapo wakaongea kuhusu masomo. Mitihani aliirudia, akafaulu, na leo ana shahada yake.

Nanyi wazazi, tazameni swali la mama huyu. Mtoto anayeulizwa matokeo tu hujifunza kuficha matokeo. Kabla begi halijafungwa, kaeni naye jioni moja. Msimsomee orodha ya makatazo. Mwulizeni ameamua nini, kisha msikilizeni. Mwambieni waziwazi kwamba akishindwa, nyumba yenu ndiyo ya kwanza kupigiwa simu.

Kanisa hutufundisha kwamba ndani ya kila mtu Mungu ameweka dhamiri. Hiyo ndiyo kengele itakayokwenda naye chuoni, lakini huzoea kunyamaza isiposikilizwa. Tuwaombee vijana wetu waisikie.

Nawatakia Dominika njema.