Mwanafunzi Kumwongoza Mwanafunzi
Huko Marekani kuna vyuo vya udaktari wa osteopathi, ambao pamoja na dawa na upasuaji hutibu mifupa na misuli kwa mikono. Cha kwanza kilifunguliwa Kirksville mwaka 1892. Wanafunzi wao watakao upasuaji wa mifupa wana chama, nao wenyewe ndio viongozi. Wako wasemao kipofu hamwongozi kipofu. Mimi sikubali. Vyuo vyao vingi havina hospitali yao wenyewe, na nafasi za mafunzo walizokuwa wametengewa ziliunganishwa na za madaktari wengine mwaka 2020. Sasa wote huzigombea pamoja. Mpasuaji akiwa mbali, nani atamweleza mgeni aombe wapi, na lini, kama si aliyeomba mwaka jana? Nasi chama chetu cha sayansi tungeachiwa tukiongoze, walimu wakitutazama kwa mbali.